Herufi A Zimekwisha

Umeme ulikatika Kisutu saa nne na robo,
mkononi nina fomu ya mirathi, nakala moja,
na karani wa mahakama anataka tatu.
Duka la kwanza: kijana kainamia simu, mashine imezimika.
La pili: "Rudi mchana, dada."
La tatu halikuwa na kibao,
lakini ndani kitu kilikuwa kinatembea,
ta-kapu, ta-kapu,
kama mtu wa kiatu kimoja anayepanda ngazi.

Mwanamke alikuwa anakanyaga chuma.
Gurudumu pana kuliko kifua chake,
na kila likizunguka taya linafumba,
linafumbua, anachomoa kadi,
anaweka nyingine kabla vidole havijaliwa.

"Kopi sitoi," akasema bila kusimama. "Hapa tunachapa."

Ningeondoka. Ila kule benchini
kaka yangu Hamduni alikuwa ameupa ukuta uso,
na mkono wangu ulikwisha kugusa rafu.

Karatasi nzito, ngumu kama kitenge kisichofuliwa.
Bahasha rangi ya mtindi, ndani zina bitana ya samawati,
pale ambapo haoni mtu ila mfunguaji.
Daftari lenye nondo za dirisha jaladani,
zile za maua, za nyumba za zamani za Ilala.
Kadi ya kunguru watatu juu ya waya;
wa nne ameruka, nafasi yake ipo.
Nikapitisha kidole: kunguru wana kina.
Wino haukukaa juu kama vumbi la meza,
umejichimbia,
na ukigeuza kadi, mgongoni wanatuna kidogo,
kunguru wasio na rangi.

Mwanahawa Kipande (jina liko nyuma ya kila bahasha,
dogo kama yai la chawa)
akanivutia droo.
Herufi za risasi zimelala kinyumenyume,
kila kundi na kijumba chake.
"Sanduku lilitoka Uingereza," akasema.
"E tele. T tele. Q, sijui nizipeleke wapi.
Lakini A! *Wanawakaribisha* peke yake inakula tano.
Bwana harusi mmoja wa Kinondoni nilimwambia achague:
jina la ukoo au jina la kamati.
Akachagua kamati, ndiyo yenye fedha."
Akahesabu kwa ncha ya koleo.
"Wewe zimekubakia saba. Unamwambia nani, nini?"

Maneno nilikuwa nayo. Kurasa kumi na moja,
mhuri, namba ya shauri,
nyumba ya Magomeni, vyumba vitatu, choo cha uani,
nani alimuogesha mama, nani hakupiga simu.
Nikaanza kuyapanga kichwani.
*Marehemu mama yetu*: zimekwenda tatu.
*Hamduni*, moja. *Magomeni*, moja.
Zimebaki mbili na bado sijaanza kulalamika,
nalo *kulalamika* linataka tatu.

Nilicheka. Mwenyewe nilishtuka, kicheko
kilikuwa cha mama, kile cha puani.

Akazipanga moja moja kwenye kijiti,
kutoka kushoto, miguu juu,
akakaza kwa ufunguo, akapaka wino wa zambarau iliyoiva.
"Kanyaga mwenyewe," akasema.
Nikavua viatu vya mahakamani.

*Hamduni, njoo Ijumaa.*

A tatu. Nne nikamrudishia,
bado zina joto la kiganja.

Feni zilianza kunguruma mtaani, umeme ulikuwa umerudi;
mashine za kopi zote zilikuwa zinaniita,
nikazipita, kadi nimeibeba kwenye viganja viwili
kama sahani iliyojaa mchuzi,
kwa sababu wino ulikuwa haujakauka.

Nikaiweka benchini, kati yangu naye.
Hakugeuka. Kisha akageuka.
Hakuisoma kwanza; aliigusa.
Kidole kikaingia kwenye H, kikatoka na zambarau.
"Nani kakuchapia?" akauliza,
neno lake la kwanza kwangu tangu arobaini.

Karani akatuita.
Nakala bado ilikuwa moja.